Kope Nilizozinunua Kusini

19 Oktoba

Tarehe imepangwa. Daktari wa kusini, huko mji mkuu, atanikata ngozi ya kope mnamo tarehe sita Novemba. Naandika hapa kwa sababu jambo hili sina wa kumwambia, na mtu akikaa na siri bila kuitua mahali popote itamponyoka kaunta. Kazi yangu mimi ni kaunta. Nakaa mlangoni pa bwawa la kuogelea, natoa funguo za makabati na kuwakumbusha watu waoge kwa sabuni, uchi kabisa, kabla ya kutia mguu majini. Mji wote hupita mbele yangu, na kwa miaka kumi na tisa mji wote umeniuliza swali hilo hilo: "Salvör, umechoka?"

Sijachoka. Ndivyo nilivyozaliwa. Kope hizi ni za baba yangu, nzito, na kadiri miaka inavyokwenda zinazidi kuniangukia. Sasa nina miaka hamsini na tisa na naonekana kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

21 Oktoba

Niseme ukweli wote, maana hapa hakuna anayesoma. Swali la uchovu ningelivumilia mpaka kaburini. Kilichonikata maini ni karamu ya Thorri iliyopita. Kila mwaka, baridi inapokuwa katikati, tunakusanyika ukumbini tunakula vichwa vya kondoo na papa aliyeozeshwa, na kamati inaigiza jukwaani makosa ya mwaka mzima ya kila mmoja wetu. Mchungaji haachwi. Mkuu wa mji haachwi. Wanaoachwa ni wenye msiba tu.

Ormur fundi umeme, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alitokea na wigi la nywele za kijivu, amejibandika vipande viwili vya nyama ya kondoo ya kukaushwa kwa moshi juu ya macho, vinaning'inia mpaka mashavuni. "Oga kwa sabuni!" alipiga kelele, huku akijigonga ukutani kwa kutoona. Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, maana usipocheka utachekwa mara mbili. Aliyecheka kuliko wote ni Dagrún wa nyumba ya kijani, meza ya mbele kabisa, mpaka akatoa leso akajifuta machozi. Dagrún ambaye hunisalimia kwa kidevu tu. Sijamsamehe.

Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo, nikavishika vipande vyangu viwili kwa vidole, nikavivuta juu. Niliona mwanamke ninayemkumbuka. Nikampenda.

4 Novemba

Nimewaambia wote naenda Denmark kwa mwanangu Brandur. Brandur anajua siendi kwake. Wazee wa bwawa dogo la moto, wale wanaokaa humo kila asubuhi mpaka ngozi inakunjamana, walinihoji kama polisi.

"Denmark Novemba?" Sighvatur, mwalimu mstaafu, aliniuliza. "Mama, huko watu huenda kiangazi. Au umepata mchumba?"

"Nimepata wawili. Nakwenda kuchagua."

Walicheka. Nitakumbuka kwamba walicheka.

6 Novemba

Imefanyika. Naandika huku natazama kwa tundu dogo. Barafu, vidonge, barafu tena.

9 Novemba

Chumba cha nyumba ya wageni, bado kusini, mapazia yamefungwa. Sijasikia sauti ya mtu tangu jana ila ya mwanamke wa usafi, aliyegonga akasema, "Samahani," akaenda.

15 Novemba

Nimerudi kwa ndege. Nilifunga kitambaa kichwani kuficha michubuko iliyoshuka mpaka masikioni, nikavaa miwani myeusi. Miwani myeusi Novemba! Hata mjinga angejiuliza.

Na nani akakaa kiti cha pembeni yangu? Dagrún. Alikuwa ametoka kwa daktari wa meno. Hakusema neno mpaka tukawa juu ya milima na ndege imeanza kurushwarushwa na upepo. Hapo alinishika mkono. Dagrún, ambaye hajawahi kunishika mkono hata kwenye mazishi.

"Sikuulizi kitu, Salvör," alisema kwa sauti ya chini. "Ketill naye alifunga kitambaa. Kiti hiki hiki, ndege hii hii, kila wiki tatu."

Ketill alikuwa mume wake. Alikufa kwa saratani, nywele zimeng'oka kwa dawa, miaka miwili na zaidi iliyopita. Nilifungua mdomo nimwambie, "Hapana, siyo hivyo, nimekata kope tu." Ndege ikadondoka kidogo, na yeye akanikaza mkono zaidi. Mkono wake ulikuwa wa moto. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika muda mrefu namna ile.

Nilijiambia nitasema tukishuka. Tuliposhuka alinibebea begi.

16 Novemba

Leo jua limetuacha. Limejificha nyuma ya mlima, halitarudi mpaka mwisho wa Januari. Mwaka huu nimefurahi.

24 Novemba

Uvimbe umeisha, na hii ndiyo sura yangu. Kope ya kushoto si mbaya. Ya kulia daktari amekata mno. Jicho halifumbiki, linabaki wazi upana wa punje ya mchele hata nikilala, na nyusi imepanda. Nilitaka kuonekana nimeamka. Naonekana nimeambiwa nyumba inaungua.

Nimepiga simu kusini. Wamenipa tarehe kumi na moja Desemba.

1 Desemba

Nimerudi kazini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimechoka.

"Kuna nini?" aliuliza wa kwanza, akageuka kutazama nyuma yake.

"Umepata habari mbaya?" wa pili.

Sighvatur alianza kunisimulia kisa cha mbuzi wa shemeji yake, akanitazama, akakatiza. "Basi," alisema, "si kisa cha kushtua hivyo." Nilimwambia aendelee, ninacheka moyoni. Hakuendelea.

Majini siruhusiwi mpaka mwaka mpya, kidonda kisije kikaoza. Kwa miaka mingi saa moja kabla ya kazi ilikuwa yangu, shingo ndani ya maji moto, theluji kichwani, wale wazee wananitania. Sasa nawasikia tu wakicheka upande wa pili wa kioo.

3 Desemba

Upepo wa kaskazini. Barabara imefungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji.

6 Desemba

Jicho la kulia halistahimili upepo. Nikitoka nje tu linamwaga machozi mpaka kidevuni. Nilivuka kutoka dukani hadi bwawani, hatua mia mbili, watu watatu wakanisimamisha. Mke wa mchungaji alinikumbatia katikati ya barabara bila kusema lolote. Nilinusa sabuni ya nywele zake. Nilisimama pale nikaacha nikumbatiwe, na Mungu anisamehe, nilitamani upepo usitulie.

8 Desemba

Saa kumi jioni Dagrún aligonga mlango na sufuria ya supu ya nyama ya kondoo.

"Nimeambiwa unalia njiani," alisema. "Kula. Ukimaliza tutalia, au tutacheza karata. Utachagua mwenyewe."

"Dagrún, sikiliza, mimi siumwi."

"Ndiyo, ndiyo. Hata Ketill alisema hivyo mpaka mwezi wa nne." Alikuwa tayari anafungua makabati yangu kutafuta bakuli. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwenzangu. Mimi si mtu wa kutangaza. Kula."

Nilikula. Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Tukacheza karata mpaka saa mbili, akanishinda mara saba, na anapenda kushinda vibaya sana.

Nilimwambia. Nimeandika hapa kwamba nilimwambia siumwi. Lakini naijua sauti niliyotumia. Ni sauti ya mtu anayetaka kubishiwa.

11 Desemba

Kusini na kurudi siku hiyo hiyo. Daktari alinitazama kwa sekunde kumi.

"Ngozi italegea. Mpe mwili miezi sita."

"Jicho halifumbiki."

"Kuna matone."

"Watu wanadhani nimeona maiti."

Alicheka, kijana mwenye meno meupe. "Bibi, umepungua miaka kumi. Kazi yangu ni kope. Watu wanavyodhani siwezi kukata."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilipotoka nilikaa kwenye kituo cha basi nikalia, kwa macho yote mawili safari hii, na pale kusini watu hawakunitazama hata kidogo.

Dagrún alinipokea uwanja wa ndege bila kuombwa. Injini inanguruma, kiti kimepashwa moto. "Usiniambie walichosema," alisema. "Utaniambia ukiweza."

17 Desemba

Anakuja kila siku. Nikisikia viatu vyake vikikung'utwa theluji mlangoni, moyo unaniruka.

Nilimuuliza leo kwa nini alicheka vile siku ya karamu. Niliuliza kama mzaha. Alichanganya karata kwanza.

"Tangu Ketill afe sikuwa nimecheka hata mara moja. Karamu ya mwaka uliotangulia kamati waliniacha, si unakumbuka? Walimwigiza kila mtu, mimi wakaniruka. Nilikaa pale kama kaburi lililopewa kiti. Halafu mwaka huu anatoka Ormur na zile nyama zake machoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, Salvör. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtoto. Nilitaka kukushukuru, nikaona haya."

Na mimi usiku ule nilikuwa nashika simu kutafuta daktari.

23 Desemba

Siku ya kula taa, yule samaki bapa, aliyeozeshwa. Dagrún alimpika kwangu, eti harufu isimwingilie kwenye mapazia yake. Ule uvundo unapanda puani kama amonia, kila aliyekaa mezani anatokwa machozi. Tulikaa wawili, macho manne, yote yanamwagika, tukitazamana na kucheka.

Ndipo aliponiambia habari za Ketill, za juma la mwisho, alichosema Ketill na alichofanya Dagrún mwenyewe. Sitayaandika humu. Alisema hajamwambia hata binti yake. Alisema, "Nakwambia wewe kwa sababu wewe uko njia ile ile na unahitaji kujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo na bado akapendwa."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilipaswa kusimama wakati ule ule niseme ukweli. Sikusimama. Nimejichukia leo kuliko siku yoyote tangu nizaliwe.

25 Desemba

Kwake. Kondoo wa moshi, viazi vya mchuzi mweupe. Alinifunga skafu aliyoifuma mwenyewe.

2 Januari

Nimeruhusiwa majini. Niliingia bwawa dogo la moto, wazee wakanyamaza wote. Sighvatur alinipisha mahali pake, pale penye maji yanayosukuma mgongo. Miaka yote hajampisha mtu pale, hata mwenye mimba.

"Kaa, Salvör. Kaa mama."

Hawakunitania. Walizungumzia hali ya hewa kwa upole, mmoja mmoja, wakatoka.

9 Januari

Theluji. Nitamwambia kesho.

10 Januari

Sikumwambia.

14 Januari

Sikumwambia. Ana mafua, nilimpelekea mimi supu. Alisema, "Tazama dunia, mgonjwa anamuuguza mzima."

18 Januari

Ormur alikuja kaunta, kofia mkononi. Ormur huwa havui kofia hata kanisani.

"Nilikuwa nimekuandikia kipande kizuri mwaka huu," alisema. "Salvör anakwenda Denmark kuchagua mchumba, wanamtokea wawili wako uchi na hawajaoga kwa sabuni, anarudi na butwaa usoni mpaka leo. Nilikuwa nimebandika nyusi mpaka hapa." Alionyesha juu ya paji la uso.

Nilicheka. Kilikuwa kipande kizuri kweli.

"Usijilazimishe," alisema. "Dagrún alinirukia kikaoni kama paka. Alinichania karatasi mbele ya watu. Akasema nina roho ya jiwe, kwamba unakufa na mimi nakucheka. Hatukujua, Salvör. Nimekufuta kabisa. Utusamehe."

Kwa hiyo mji mzima unajua ninakufa. Na aliyewaambia ni mtu asiyependa kutangaza, aliyevunja ahadi yake ili nisichekwe.

Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Miezi itapita, nitanenepa, mwaka kesho bado nitakuwa nyuma ya kaunta na afya ya farasi. Siku hiyo atakayechekwa si mimi. Watamwigiza Dagrún akibeba masufuria ya supu kumpelekea mwanamke aliyetengeneza kope. Na Ormur ataigiza vizuri.

25 Januari

Jua limerudi. Dakika nne juu ya ukingo wa mlima. Tulikunywa kahawa ya jua, ile ya kulipokea likirudi, na chapati za maji zenye krimu na jamu ya mmea mchachu wa rabarba, mji wote madirishani. Dagrún alinigeuza uso kwenye mwanga akanitazama sana.

"Una rangi nzuri," alisema, na nikaona hofu imemtoka na matumaini yameingia. Ketill hakupata rangi. Dagrún alianza kuhesabu miezi ya mbele, kiangazi twende wapi, kuchuma beri za bluu bonde gani.

Nikasema, "Dagrún." Akasema, "Usiniharibie."

1 Februari

Karamu ya Thorri. Naandika asubuhi ya pili yake.

Walimwigiza kila mtu. Mchungaji aliyetumbukiza simu kwenye beseni la ubatizo. Sighvatur na mbuzi, ndipo nikajua mwisho wa kisa. Ormur mwenyewe aliyekata umeme wa mji mzima akitengeneza taa ya bafu lake. Ukumbi ulitetemeka. Nilikaa meza ya mbele na Dagrún, papa aliyeozeshwa mbele yetu, na nilikuwa nikihesabu. Watu wote wa meza yetu waliguswa. Dagrún mwenyewe walimwigiza akikwangua barafu ya gari lisilo lake kwa nusu saa. Alipiga meza kwa furaha.

Mwisho Ormur alivua wigi. "Tunainua glasi," alisema, "kwa ajili ya yule ambaye mwaka huu hatumchezi."

Wakasimama. Watu mia mbili na kitu, viti vikakwaruza sakafu, wote wakanigeukia na nyuso zile za mazishi. Dagrún alinishika mkono juu ya meza mbele ya wote. Nilielewa alivyojisikia yeye mwaka ule. Lakini yeye alikuwa na maiti wake. Mimi nilikuwa na nini?

Nilipanda jukwaani. Ormur alinipa mkono nisianguke.

"Kaeni," nilisema. "Kaeni jamani, mtachoka bure. Siumwi. Sina saratani, sijawahi kuwa nayo. Nilikwenda kusini kukatwa kope kwa sababu ya nyama za huyu bwana."

Mwanamke mmoja wa nyuma alisema, "Maskini, ana ujasiri." Hawakuniamini! Nilipata hasira. Nikavuta taa ya jukwaa usoni kwangu, nikafumba macho.

"Tazameni! La kushoto limelala. La kulia liko kazini. Yule daktari kanipa jicho la mlinzi. Usiku mzima linachunga chumba, na hakuna mwizi aliyekuja, hakuna mwanaume aliyekuja, hakuna aliyekuja! Mkiniona nalia njiani, silii, ni upepo. Nimekula supu za watu miezi miwili kwa jicho moja bovu!"

Aliyeanza ni Ormur. Alitoa sauti kama mlango wenye bawaba kavu. Kisha Sighvatur, kisha meza za nyuma, kisha wote, mpaka mchungaji akaweka paji la uso kwenye kitambaa cha meza. Sitasema uongo humu tena: kicheko kile kilikuwa kitamu. Kilinipasha moto toka miguuni. Niliinua mkono.

"Na mmoja asichekwe, leo wala mwaka kesho. Dagrún nilimdanganya mimi. Alikuja kwa wema, nikamwacha aamini, kwa sababu nilikuwa peke yangu na yeye alikuja. Mwenye kosa ni mimi."

Hapo nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, mikono yake miwili mezani pale ulipokuwa mkono wangu. Hakucheka na hakulia. Alikunja leso yake mara mbili, akachukua koti, akapita katikati ya viti, na watu wakampisha.

3 Februari

Bwawani wananitania. Sighvatur amerudi mahali pake, ananiita mlinzi. Nimekuwa mtu tena. Dagrún hajaja kuogelea.

5 Februari

Hajaja.

6 Februari

Nilipiga simu. Ililia mpaka ikakata.

9 Februari

Nilikwenda. Upepo wa kaskazini, sufuria yake mkononi, safi. Alifungua mlango akabaki kizingitini. Alikuwa amevaa koti la nyumbani la Ketill.

"Sikuja kujitetea," nilisema.

"Hilo la kope ningelicheka," alisema. "Ungeniambia ndegeni ningecheka mpaka rubani ageuke. Hata la supu nimesamehe. Watu wamenipa pole njia nzima, sijali." Alichukua sufuria, akaiweka chini nyuma yake bila kuiangalia. "Lakini nilikusimulia kifo cha mume wangu, Salvör. Yale maneno niliyaweka kwa ajili ya mtu anayekufa. Sikuwa nimempa mtu mwingine."

"Najua."

"Basi nirudishie."

Alisubiri. Hakusema kwa hasira, aliniuliza kweli, kama mtu anayedhani labda nimekuja nayo. Nilisimama pale na jicho langu likimwaga, na la pili likalifuata, na sikuwa na kitu cha kumpa. Baada ya muda alitikisa kichwa, akafunga mlango polepole. Nikasikia akizungusha ufunguo, jambo ambalo mjini kwetu hatuna desturi nalo.